Karatasi ya njano: shajara ya mwaka ya chama cha wahudumu wa afya ya akili ya watoto, Nyanda za Juu Kusini

Chama hiki kinakusanya wauguzi wa afya ya akili, matabibu, maafisa ustawi wa jamii, walimu wa malezi na ushauri nasaha, walimu wa elimu maalumu na watoa tiba kwa vitendo wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Shajara huandikwa kila mwezi na kamati ya utendaji. Hii ni nakala iliyosafishwa kwa ajili ya wenzetu wa kanda nyingine, hivyo imekaa zaidi kwenye yaliyokwama. Hotuba na picha za kukabidhiana vyeti tumeziacha.

JANUARI

Kikao cha mpango, Mbeya mjini. Rasimu ilikuwa na mambo mawili makubwa: mafunzo kwa walimu na uchunguzi wa wanafunzi. Mpango wa namna hiyo huwapendeza wafadhili, maana idadi hupatikana haraka. Maafisa ustawi ndio walioupindua. Walitaka kujua mtoto akishaonekana ana shida anapelekwa kwa nani, siku gani, kwa nauli ya nani, na mwalimu aliyemtuma anapataje habari. Hakuna aliyekuwa na jibu kwa halmashauri zote. Mtoto aliyechunguzwa akakosa pa kwenda anarudi darasani na jina jipya, "yule wa kichwa", na basi.

Azimio: shule haichunguzwi mpaka zahanati na hospitali inayoipokea ziwe zimekubali kwa maandishi. Barua inapelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya na afisa elimu. Ukianza na mwalimu mkuu, hata awe mwema namna gani, utarudishwa juu na wiki zitakuwa zimeshaliwa.

Kazi ya kwanza ikawa daftari la huduma. Kila halmashauri ina ukurasa wake: nani anaona watoto, ni wa kada gani, siku ya kliniki, simu, dawa zilizopo rafuni sasa hivi (si zile zilizoandikwa kwenye mwongozo), na nauli kutoka kata iliyo mbali kuliko zote. Safu ya nauli ilionekana kama mapambo mwanzoni. Baadaye ndiyo ikawa inasomwa kwanza, kwa sababu rufaa ya mtoto wa Ileje au Makete inaanguka stendi kabla haijaanguka kliniki. Kosa la kawaida katika daftari la aina hii ni kuandika jina la kituo bila jina la mtu. Muuguzi akipata uhamisho au akienda masomoni, kituo kinabaki na huduma inaondoka naye. Tunaandika watu wawili kwa kila kituo na kuwapigia kila robo mwaka. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, imeandikwa ukurasa wa mwisho kwa makusudi, ili isiwe jambo la kwanza linalomjia mtu kichwani.

FEBRUARI

Vitabu vya rufaa vimetoka kiwandani. Ukubwa ni A5, nakala tatu kwa kila namba. Nyeupe inabaki kitabuni kwa anayetoa rufaa. Ya pinki na ya njano anaondoka nazo mzazi. Pinki inakaa hospitali. Njano inajazwa na aliyempokea mtoto, kisha inarudi kwa aliyemtuma. Hiyo njano ndiyo iliyotusumbua mwaka mzima, na ndiyo tunayoipima kazi kwayo.

Mambo madogo ya kuchapisha: agiza kadi ngumu ya kuweka chini ya nakala ya tatu, la sivyo maandishi yanapenya hadi namba inayofuata na mtoto mmoja anatokea kwenye karatasi za wawili. Tumia kalamu ya biro. Kalamu ya wino laini haifiki nakala ya chini. Namba ianze na herufi za wilaya, ili karatasi ikiokotwa ijulikane ilikotoka bila jina la mtoto kusomwa.

Toleo la majaribio lilikuwa na mistari kumi ya "maelezo ya tatizo". Tulichopata ni insha, au maneno manne: "ana matatizo ya akili". Sasa kuna maswali manne. Umeona nini kwa macho yako? Kilianza lini? Hutokea mara ngapi kwa wiki? Kimemzuia kufanya nini? Linganisha "mtoto mkorofi, hasikii" na "tangu wiki ya pili ya Januari anakaa peke yake mapumziko yote, amelala darasani mara tatu wiki hii, hajaandika zoezi lolote la hisabati". Anayepokea maelezo ya pili ameshajua pa kuanzia kabla mtoto hajakaa kwenye kiti.

Kwa nini njano hazirudi? Mzazi anadhani ni mali yake, anaikunja pamoja na kadi ya kliniki na kuitunza vizuri kabisa. Mpokeaji hajui aitume kwa nani. Na wengine wanaona kumjibu mwalimu ni kutoa siri ya mgonjwa, hofu ambayo ina msingi: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti. Kwa hiyo njano mpya haina nafasi ya jina la ugonjwa. Ina visanduku vitatu tu: amefika; atarudi tarehe; shule ifanye nini. Inaweza kutumwa hata kwa ujumbe wa simu, kwa namba ya rufaa bila jina: "RG-0147 amefika. Atarudi 12/3. Akae mbele, asiadhibiwe kwa kusinzia." Mwalimu hahitaji zaidi ya hapo, na mama wa mtoto hatakuwa na cha kulalamikia.

MACHI

Mafunzo ya dodoso la SDQ (maswali ya kupima uwezo na matatizo ya mtoto kihisia na kitabia) kwa walimu wa malezi na wauguzi. Dodoso hili lilitungwa na Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997, lina tafsiri ya Kiswahili, na halibadilishwi hata neno. Atakaye kuliboresha kidogo atafute dodoso lingine. Lina vipengele 25 katika makundi matano yenye vipengele vitano kila moja: hisia, mwenendo, utukutu na kukosa umakini, uhusiano na wenzake, na wema kwa wengine. Kila kipengele kinapata 0, 1 au 2. Jumla ya matatizo hutokana na makundi manne ya kwanza, hivyo inaishia 40. Kundi la wema halijumlishwi. Mzazi na mwalimu hujaza kwa mtoto wa miaka 4 hadi 17. Mtoto mwenyewe hujaza kuanzia miaka 11.

Panapoharibika ni kwenye vipengele vitano vinavyohesabiwa kinyume: namba 7, 11, 14, 21 na 25. Hivi vinataja mambo mazuri, kama kutii na kuwa na angalau rafiki mmoja, kwa hiyo "kweli kabisa" inapata 0 badala ya 2. Msahihishaji akisahau kugeuza, mtoto mtiifu mwenye marafiki anapewa alama 10 za bure. Akiwa na 5 zake halali anafika 15, na kwa fomu ya mwalimu hiyo ni alama ya juu kabisa ya mpakani, yaani kati ya kawaida na tatizo (12 hadi 15). Darasa zima linaweza kuonekana linaumwa kwa sababu ya mtu mmoja mwenye haraka. Dawa yake ni kipande cha plastiki angavu chenye ukubwa wa fomu, kimepigwa mstari mwekundu kwenye namba hizo tano na alama zimeandikwa zikiwa zimeshageuzwa. Kinawekwa juu ya fomu, unasoma, unajumlisha. Mtu wa pili anasahihisha upya fomu moja katika kila kumi, na wakitofautiana rundo lote linarudiwa.

Kundi lenye majibu matatu au zaidi kati ya matano linaweza kukadiriwa kwa uwiano. Pungufu ya hapo, kundi hilo halina alama. Viwango vya mpakani viliwekwa kwa watoto wa Uingereza. Hapa tunavitumia kupanga nani aonwe kwanza, na hakuna anayeruhusiwa kumwambia mzazi "mtoto wako amefeli kipimo".

Kabla ya rufaa yoyote ya utukutu, mtoto anapitishwa kwenye mambo manne: macho, masikio, usingizi, na dawa anazotumia. La nne linaelezwa mwezi Mei.

APRILI

Mvua. Njia za Makete, Ludewa na Ileje hazitabiriki, ziara zote zimesogezwa. Mjadala wa wagonjwa ukahamia kwenye simu, na tumeamua ubaki huko hata kiangazi. Sauti tu, bila video: bando linadumu na mtandao dhaifu unavumilia. Watoto wanne kwa kikao, dakika 15 kila mmoja. Anayewasilisha hutumia dakika tatu kueleza, kisha anauliza swali moja. Asiye na swali hajajiandaa. Anasubiri kikao kijacho. Mwisho wa dakika 15 yeye mwenyewe anasoma atakachofanya na tarehe. Hakuna jina la mtoto, hakuna picha, hakuna kurekodi.

Watu wa kada mbalimbali wakikaa pamoja, mganga huzungumza na wengine huandika. Mwenyekiti wa kikao anaanza na mwalimu, halafu ustawi, halafu muuguzi, mganga mwisho. Utaratibu huu ulileta manung'uniko, lakini haukuondolewa.

MEI

Kifafa. Sehemu kubwa ya watoto wanaofika meza ya afya ya akili kwenye hospitali za wilaya wanakuja na kifafa, kwa sababu muuguzi wa afya ya akili ndiye mwenye dawa. Ukanda wa ufugaji wa nguruwe, Mbozi ukiwemo, una sababu yake ya ziada: tegu la nguruwe. Hapa elimu inayotolewa vijijini mara nyingi inakosewa. Anayekula nyama ya nguruwe yenye malengelenge ya tegu bila kuiva anapata mnyoo wa tumboni. Kifafa kinatokana na kumeza mayai ya mnyoo huo, ambayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga za majani. Mtoto wa nyumba isiyogusa kitimoto anaweza kupata. Ujumbe wa "iveni nyama" pekee unaacha choo na mikono nje, na ndiko hatari ilipo. Wakati wa kampeni za kichocho shuleni, mtoto mwenye kifafa anayetoka maeneo haya aonwe na mhudumu kwanza: prazikwanteli inaweza kuamsha degedege kwa aliye na vifuko vya tegu kwenye ubongo.

Fenobabito ndiyo dawa ya kifafa iliyopo karibu kila mahali. Mtoto wa kilo 20 kwa miligramu 3 kwa kilo anahitaji miligramu 60, yaani vidonge viwili vya miligramu 30 usiku. Mwezi ni vidonge 60. Zahanati ikimpa vya wiki mbili kwa sababu dawa imebaki kidogo, mzazi anaanza kumpa kimoja ili vifike mwisho wa mwezi, mtoto anaanguka, na kijiji kinahitimisha kuwa dawa ya hospitali haifai. Kuikata ghafla ni hatari kuliko kutoianza. Kwa hiyo agizo la Bohari ya Dawa lihesabiwe kwa idadi ya watoto mara vidonge vyao vya mwezi, na nyongeza ya mwezi mmoja kwa ajili ya mvua, badala ya kunakili agizo lililopita.

Tatizo lake la pili linajulikana kidogo mashuleni: fenobabito huwafanya baadhi ya watoto wahangaike, warukeruke na wakose umakini, zaidi wale wenye ulemavu wa akili. Mtoto anajaziwa SDQ, kundi la utukutu linapanda, mwalimu anaandika "mtukutu", na chanzo ni kidonge cha usiku. Njano ya mtoto wa namna hii lazima iseme wazi kwamba dawa inaangaliwa upya na viboko havitasaidia. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani unashauri kuiepuka kwa watoto wenye shida za tabia pale ambapo kuna dawa nyingine. Kabamazepini ikiwepo, ni bora. Sodiamu valproeti, nayo dawa ya kifafa, asipewe binti anayeweza kushika mimba kama kuna njia mbadala.

Dozi zote mzazi anarudia kwa maneno yake kabla hajaondoka, akiwa ameshika vidonge mkononi. Mama kuitikia "ndaga, Sista" (asante, Sista) na kufunga kitenge hakujathibitisha kitu. Kwa bibi asiyesoma, pakiti ichorwe mwezi na vidonge viwili.

JUNI

16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Maandamano, ngonjera, hema. Watoto tunaowahudumia hawakuweza kukaa juani saa tatu wakisubiri mgeni rasmi, na mwenye usonji akiwekwa karibu na spika ni kumtesa. Mwakani meza yetu iwe mbali na jukwaa au tusiende.

Likizo za shule. Njano zilizorudi robo hii zimezidi zilizopotea, kwa mara ya kwanza.

JULAI

Vijana wanaoishi na VVU. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022/23, kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kilikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya; hakuna mkoa uliozidi Njombe. Chama cha afya ya akili ya watoto kikiwaachia hawa kliniki ya tiba na matunzo peke yake, kimekwepa kazi.

Kumjulisha mtoto hali yake ndiko kunakokwama. Miongozo inataka ajulishwe akiwa na umri wa shule, hatua kwa hatua, kati ya miaka 6 na 12. Kinachotokea ni mlezi kusema "akikua", mtoto anasoma bango kliniki akiwa na miaka 13, na kuanzia hapo haamini mtu. Hatua tulizokubaliana: kwanza, mwili una askari na dawa inawasaidia, baadaye, kuna kirusi kinachowapiga askari, mwisho, jina lake na ulivyokipata. Mlezi ndiye anayesema, mhudumu yupo pembeni. Kati ya hatua na hatua mtoto anaulizwa ameelewa nini, na jibu linaandikwa kwenye jalada kama alivyolisema. Muuguzi wa zamu nyingine akikosa kulisoma atarudia hatua au ataruka.

Bweni lina shida zake. Chupa ya vidonge hulia ikitikiswa, na bweni zima linajua. Pamba kidogo juu ya vidonge inanyamazisha, huku kifuko cha kufyonza unyevu kikibaki ndani. Dolutegraviri, dawa ya VVU, ikimkosesha mtu usingizi imezwe asubuhi. Na kwa mwenye kifafa pia: fenobabito na kabamazepini hushusha kiwango cha dolutegraviri mwilini. Kliniki mbili katika hospitali moja, milango ikitazamana, zinaweza kumwandikia kijana mmoja dawa zinazoangushana kwa sababu kila moja ina jalada lake. Kuanzia mwezi huu kitabu cha rufaa kina mstari wa dawa zote anazotumia, na usipojazwa rufaa inarudishwa.

AGOSTI

Shule za bweni za wasichana, kuanguka na kupiga kelele. Kila mwaka inatokea mahali fulani, mara nyingi mitihani ikikaribia, na kila mwaka wanaoitwa kwanza ni watu wa maombi. Mwongozo wetu wa ukurasa mmoja umesambazwa kwa matroni.

Jambo la kwanza ni kutafuta ugonjwa wa mwili. Joto la mwili, kipimo cha haraka cha malaria, sukari, shingo kukakamaa. Huku Mufindi, Njombe na Makete msimu wa baridi, ingia bwenini uangalie kama kuna jiko la mkaa. Mabinti kadhaa wenye kichwa kuuma, kutapika na kuzimia katika chumba kilichofungwa ni gesi ya mkaa mpaka ithibitike vinginevyo. Watolewe nje kwanza, maswali baadaye. Kutofautisha na kifafa: mwenye kifafa kwa kawaida macho yako wazi, anaweza kujing'ata ulimi pembeni na kujikojolea, na akizinduka anakuwa mzito kwa muda. Aliyepagawa mara nyingi amefumba macho kwa nguvu na ukijaribu kuyafungua anakaza. Alama moja haitoshi, zisomwe pamoja.

Likishathibitika kuwa si ugonjwa wa mwili, kazi ni kupunguza watazamaji. Kila binti chumba chake na mtu mmoja anayemfahamu, simu za kupiga picha zifungiwe, masomo yaendelee kwa wengine, majina yasisomwe mstarini. Kuwalaza wote zahanati chumba kimoja ni kumwaga petroli. Kuwarudisha wote nyumbani siku moja nako kuna historia yake. Huko Kashasha, karibu na Bukoba, kicheko kilianza kwa wasichana watatu 30 Januari 1962, kikawapata 95 kati ya 159, shule ikafungwa 18 Machi, na wasichana waliporudi makwao kikajitokeza vijijini, Nshamba kikiwemo.

Siku ya tatu au ya nne, mambo yakitulia, ndipo ukae nao makundi ya watu sita hadi wanane uulize kuhusu chakula, maji, usalama wa choo usiku, adhabu na mitihani. Kipo kitu. Mkuu wa shule aelezwe mapema kwamba ripoti itakigusa, ili asije akashangaa.

SEPTEMBA

Mitihani ya darasa la saba, shule za msingi hazina nafasi nasi. Ni nafasi ya walezi. Kati ya mavuno na kupanda, yaani Agosti hadi Oktoba, ndio wakati pekee wazazi wa huku wana saa mbili za kukaa.

Tunatumia mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani kwa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye usonji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Ziara ya kwanza isirukwe hata kama barabara ni mbaya, maana ndipo unapoona mtoto anacheza wapi na nani hasa anamlea. Kwenye fomu ni mama. Nyumbani ni bibi, mama yuko mashamba ya chai au Dar es Salaam. Anayelea ndiye anayekuja kikaoni.

Vifaa vya kuchezea havinunuliwi. Magunzi ya mahindi, vifuniko vya soda, mkebe, kipande cha kitenge. Mlezi anakaa chini uso kwa uso na mtoto, anatazama anachofanya, kisha anafanya hichohicho. Mtoto anapanga magunzi, bibi naye anapanga la kwake mwisho wa mstari na kusema "gunzi". Mtoto akisema "maji", anajibiwa "maji baridi": neno moja zaidi, basi. Wakufunzi wetu wengi ni walimu, na wanaharibu kikao kwa kuhutubia. Kanuni ni kwamba baada ya dakika 10 za maelezo walezi wawili wawili wafanye mazoezi, mmoja akiwa mtoto. Bibi wa Kinyakyusa aliyejifanya mtoto mkaidi alifundisha zaidi ya chati zote ukutani.

OKTOBA

10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tuliitumia kukaa na waganga wa tiba asili na wachungaji. Hatukuwaomba waache kazi yao, wangetucheka. Tuliomba mambo matano yaje hospitali siku hiyohiyo: degedege inayozidi dakika 5, homa pamoja na kuchanganyikiwa, mtoto asiyeweza kunywa, mtoto anayezungumzia kufa, na mtoto aliyeumizwa na mtu. Na mawili yasifanyike: kufunga kamba, na kusimamisha vidonge wakati wa mfungo au dawa za kienyeji. Tulipewa sharti nasi: wakileta mtoto wasigombezwe mapokezi mbele ya watu. Ni sharti la haki. Wamepewa vitabu vya rufaa kama wengine, na njano zao zinarudi.

NOVEMBA

Kidato cha nne wako kwenye mitihani. Dodoso la sonona la PHQ-9, toleo la vijana, lina maswali tisa, jumla 27, na 10 kwenda juu anaonwa. La tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Fomu hii haijazwi Ijumaa mchana wala haipelekwi nyumbani kusahihishwa. Anayeikusanya anaangalia swali la tisa papo hapo, kabla mwanafunzi hajatoka chumbani, na chochote kisicho 0 kinamaanisha mazungumzo ya ana kwa ana siku hiyo, hata kama jumla ni 3. Kumuuliza moja kwa moja hakumpandikizii wazo hilo kichwani.

Wenye hatari hawaachwi peke yao, mlezi anaitwa, rufaa inapigiwa simu kabla ya kuandikwa. Nyumbani, dawa za mashambani na za mifugo zifungiwe kwa kufuli na ufunguo ushikwe na mtu mzima mmoja. Ukanda wa viazi, nyanya na chai una dawa hizi uvunguni mwa vitanda. Familia zitasema "alikunywa kwa bahati mbaya", kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Usibishane nao mbele ya watu. Mpokee mtoto, tibu, na mazungumzo ya kweli yafanyike faragha. Simu 116 ya msaada kwa mtoto imebandikwa ndani ya milango ya vyoo vya wasichana na wavulana, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

DESEMBA

Hesabu za mwaka zimepita. Ugomvi ulikuwa posho, kama kawaida. Kilichokubaliwa: nauli kwa tiketi, chakula kikaoni, hakuna posho ya kukaa kwa mjadala wa simu.

Njano: zinazorudi haraka zaidi ni za Rungwe na Mufindi, ambako muuguzi na mwalimu wana namba za simu za wenzao. Zinazopotea ni zile zinazovuka mkoa. Mwakani kila mkoa unateua mtu mmoja wa kupokea rufaa za nje na jina lake linachapwa kwenye jalada la kitabu.

Shule zimefungwa na watoto wa bweni wanasambaa. Kabla ya tarehe ya kufunga, kila mwenye kifafa au dawa nyingine ya kila siku apewe ya wiki sita, na pinki mpya inayotaja zahanati iliyo karibu na anakokwenda. Namba za zamu za kipindi cha sikukuu zimetumwa kwa matroni, waganga wafawidhi na maafisa ustawi wa kata. Atakayebadilishiwa zamu amjulishe katibu siku hiyohiyo.